Kuyafuata Maji ya Sanje: Likizo ya Miguu katika Milima ya Udzungwa

Hakuna barabara ya gari ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Mgeni huacha gari langoni, hukaza kamba za viatu, na chochote atakachokiona baada ya hapo atakifikia kwa miguu yake mwenyewe. Baadhi ya wenzangu hulitaja jambo hili kama upungufu wa hifadhi hiyo. Kwangu mimi ndilo lililonifanya nichague kwenda huko likizo, nikifuatana na kaka yangu na wanawe wawili, badala ya kurudi tena katika mbuga ambazo mtu hutazama wanyama kupitia dirishani na kuondoka bila kukanyaga ardhi.

Milima ya Udzungwa iko upande wa kusini wa safu ya milima mikongwe inayoitwa Tao la Mashariki, ambayo huanzia Vilima vya Taita nchini Kenya, ikapita Upare, Usambara, Nguru, Ukaguru na Uluguru, hadi kufika hapa, kati ya mikoa ya Morogoro na Iringa. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1992, ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, na kilele chake kirefu kuliko vyote, Luhombero, kina urefu wa mita 2,576 kutoka usawa wa bahari. Hizo ni takwimu ambazo mtu huzikuta katika kila kipeperushi. Nilichotaka mimi ni kuyafuata maji: kuyatazama yanapoanguka, kuelewa yanatoka wapi, na kujua yanakwenda kwa nani.

Kutoka Dar es Salaam tulipita Morogoro, tukavuka Hifadhi ya Mikumi, na katika mji wa Mikumi tukaiacha barabara kuu ya Zambia na kushika ile inayoelekea Kilombero. Baada ya kuyapita mashamba ya miwa ya Kidodi, barabara hulivuka daraja la Ruaha Mkuu pale Kidatu, palipo na mtambo wa kufua umeme wa megawati 204 ambao umekuwa ukiyatumia maji ya mto huo tangu mwaka 1975. Kuanzia hapo mlima husimama upande wa kulia, mkubwa na wa ghafla, na upande wa kushoto tambarare hunyooka hadi upeo wa macho, miwa kwanza, kisha mpunga na migomba. Reli ya TAZARA nayo hupita papo hapo, ikibanwa kati ya mlima na bonde, na ninaamini abiria wake huupata mlima huu kwa uzuri kuliko sisi wa barabarani.

Maporomoko ya Sanje huonekana kabla ya kufika. Mtu akiwa bado barabarani, akiinua macho kuelekea kulia, huona mstari mweupe ukishuka katikati ya kijani kibichi cha msitu. Jumla ya anguko lake ni mita 170, lakini maji hayaanguki kwa pigo moja, bali hushuka kwa ngazi tatu, na kila ngazi ina sura yake. Watoto walipouona mstari ule walidai tusimame tushuke mara moja. Ilibidi waambiwe kwamba kwanza tunapaswa kufika makao makuu ya hifadhi Mang'ula, kulipa kiingilio na kupewa mwongozaji, kisha ndipo tutarudi nyuma kidogo hadi kijiji cha Sanje ambako njia ya kupanda inaanzia.

Tulianza kupanda asubuhi, kabla jua halijawa kali. Sehemu ya mwanzo ya njia hupita katika msitu wa chini, wenye mivule na mikangazi ambayo vigogo vyake vimenyooka juu sana kabla ya tawi la kwanza, na kamba za mwituni zinazoning'inia kutoka mti hadi mti. Hewa huko ni nzito na yenye joto. Mwongozaji wetu alikuwa kijana wa hapo hapo Sanje, mpole wa maneno, ambaye alituonyesha mbega wekundu wakiwa juu ya miti wakila majani machanga, na akatusimamisha tusikilize kila sauti kabla ya kutueleza mwenyewe ni nani. Njia ilipozidi kuinuka, hewa ilipoa, majani ya ardhini yakawa na umande ambao haukuwa umekauka, na mngurumo wa maji ukawa unakuja na kupotea kulingana na kona za mlima.

Watu wengi huyatazama maporomoko kutoka chini. Njia ya Sanje humpandisha mgeni hadi juu kwanza, na ninashukuru kwamba waliopanga njia hiyo waliamua hivyo. Ukifika ngazi ya juu unakuta mto wa kawaida tu, mwembamba, ukipita juu ya mawe makubwa yaliyolainishwa, kisha ghafla ardhi inakwisha na mto unaondoka. Kutoka ukingoni, mahali ambapo mwongozaji anakuruhusu kusimama, Bonde la Kilombero lote liko chini yako: miraba ya miwa, mabati ya vijiji, barabara tuliyoijia, na tambarare ikienda kupotelea katika ukungu wa mashariki. Ni hapo nilipoelewa kwa macho kile ambacho ramani haikuweza kunielewesha, kwamba mlima na bonde ni kitu kimoja kilichounganishwa na maji.

Katika ngazi ya kati kuna kidimbwi ambamo wageni huruhusiwa kuogelea. Maji yake ni baridi kiasi cha kumkata mtu pumzi, na wanangu hao wa kaka, ambao wamezoea bahari ya Kigamboni yenye uvuguvugu, walitoka wakitetemeka na kurudi tena mara kadhaa. Mimi nilikaa pembeni, karibu na ukuta wa mwamba ambao maji huupiga, nikatazama mimea inayoota pale. Kuna eneo dogo, la upana wa hatua chache tu, ambalo halinyeshewi na mvua wala halimo mtoni, ila hulowa saa zote kwa manyunyu ya maporomoko. Humo mna kangaga wa aina nyingi, mimea midogo ya kijani iliyojibandika juu ya jiwe tupu, na wadudu ambao sikuwaona mahali pengine popote njiani. Hatua chache kutoka hapo, manyunyu yanapokoma, mimea hiyo nayo inakoma. Nililikumbuka eneo hilo kwa sababu nitakayoieleza baadaye kidogo.

Tulikuwa tumekwenda msimu wa kiangazi, na swali la kwanza ambalo kaka yangu alimwuliza mwongozaji lilikuwa la haki kabisa: ikiwa mvua haijanyesha kwa wiki nyingi, maji haya yote yanatoka wapi? Jibu lake liko katika msitu wenyewe, na ni jibu ambalo kila anayeyapenda maporomoko anapaswa kulijua. Pepo kutoka Bahari ya Hindi huja zimebeba unyevu, hupita juu ya tambarare bila kuzuiwa, kisha hukutana na ukuta huu wa mlima na kulazimika kupanda. Hewa ikipanda hupoa, na ikipoa huachia maji yake. Ndiyo maana miteremko ya mashariki ya Udzungwa hupata mvua nyingi mno, ilhali upande wa magharibi, wa Iringa, ni mkavu zaidi na wenye miombo na nyasi. Hata siku ambazo mvua hainyeshi, mawingu hutambaa juu ya msitu wa juu, na majani pamoja na mimea inayoota matawini huunasa ule ukungu na kuudondosha chini tone kwa tone.

Kinachofuata hufanyika chini ya miguu. Mvua inayoanguka juu ya mlima ulio wazi hukimbia papo hapo, ikichukua udongo, na mto hufurika leo na kukauka mwezi ujao. Katika msitu, tone la mvua huvunjwa nguvu na majani, hufikia tabaka nene la majani yaliyooza, huingia katika udongo uliotobolewa na mizizi na wadudu, kisha husafiri polepole sana ndani ya ardhi hadi kutokea kwenye chemchemi. Maji tuliyoyaona yakianguka Sanje wakati wa kiangazi yalikuwa mvua ya masika ambayo msitu ulikuwa bado unaitoa kidogo kidogo. Ukiuondoa msitu, hutayaondoa maporomoko siku hiyo hiyo, lakini utayageuza kuwa kitu cha msimu, kelele ya miezi michache na mwamba mkavu kwa muda uliobaki.

Udzungwa ina bahati ambayo milima mingi ya Afrika Mashariki imekwisha kuipoteza. Msitu wake bado umeungana bila kukatika kuanzia karibu na usawa wa bonde, mita 250 hivi, hadi zaidi ya mita 2,000. Mahali pengi msitu wa chini ulifyekwa zamani kwa mashamba, na uliobaki ni kofia tu ya kileleni. Hapa mnyama, ndege au mbegu inaweza kupanda na kushuka mlima mzima bila kutoka kivulini.

Na kwa kuwa unyevu wa bahari umekuwa ukiilisha milima hii kwa mamilioni ya miaka, hata katika vipindi ambavyo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka, viumbe waliotoweka kwingine wamebaki humu, na wengine wamegeuka kuwa wa aina ya peke yao. Mangabe wa Sanje, nyani wa kijivu mwenye mlio unaosikika mbali sana, alitambuliwa na wanasayansi mwaka 1979 tu, ingawa watu wa kijijini walikuwa wakimfahamu tangu zamani. Kwale wa Udzungwa alijulikana kwa namna ya ajabu mwaka 1991, pale watafiti walipoona miguu ya ndege wasiyemfahamu ndani ya chungu cha mboga. Mwaka 2008 ulitangazwa ugunduzi wa sange mwenye uso wa kijivu, mnyama mwenye pua ndefu na uzito wa gramu 700 hivi, ambaye alikuwa akiishi humu bila jina la kisayansi hadi karne ya 21. Sisi hatukumwona sange wala kwale. Mangabe tulimsikia, mlio mrefu kutoka bonde la pili, na mwongozaji akasimama mwenyewe kwa heshima hadi ulipokwisha.

Sasa nirudi kwenye lile eneo dogo la manyunyu. Katika milima hii hii, upande wa kusini, kuna Mto Kihansi, ambao nao hutelemka kutoka juu kwa kishindo na kupita katika korongo. Mwaka 1996, wakati wa uchunguzi wa mazingira uliohusu mradi wa umeme, palipatikana katika korongo hilo chura mdogo wa rangi ya manjano ambaye hakuwa amewahi kuandikwa popote. Aliishi katika maeneo yanayoloweshwa na manyunyu ya maporomoko tu, ambayo kwa pamoja hayazidi hekta chache, na hakuna mahali pengine duniani alipopatikana. Jike lake ni dogo kuliko sentimita tatu, na halitagi mayai mtoni kama vyura tuliowazoea, bali huzaa watoto waliokwisha kuwa vyura kamili.

Mtambo wa Kihansi, wenye uwezo wa megawati 180, ulianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuzinduliwa rasmi mwaka 2000. Sehemu kubwa mno ya maji ya mto ilielekezwa kwenye mitambo, na manyunyu yaliyokuwa yakianguka usiku na mchana yakapungua karibu kukoma. Wataalamu waliwahi kuwakusanya vyura 499 na kuwapeleka katika bustani za wanyama Marekani, na korongoni ukawekwa mfumo wa mabomba ya kunyunyizia maji ili kuiga kazi ya maporomoko. Kwa muda ilionekana kwamba vyura wanaongezeka, lakini mwaka 2003 idadi yao iliporomoka, na ugonjwa wa kuvu unaowaua vyura duniani kote ulikutwa kwao pia. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba vyura wa Kihansi wametoweka kabisa katika mazingira yao ya asili. Waliobaki walikuwa wale wa ng'ambo, waliotunzwa na kuzalishwa katika bustani za Bronx na Toledo. Mwaka 2010 kundi la kwanza lililetwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 vyura walianza kurudishwa korongoni.

Nakumbuka jinsi vyura hao walivyozungumzwa mitaani na hata bungeni, wengi wakiuliza kwa hasira kwa nini fedha zitumike kwa ajili ya vyura ilhali watu wanakosa dawa. Sina dharau kwa swali hilo, na umeme wa Kihansi umewasha taa nyumbani kwetu pia. Lakini kukaa pale Sanje, kuona kwa macho jinsi upana wa hatua chache za unyevu unavyobeba maisha ambayo hayapo hatua tatu mbele, kulinifanya nione kwamba wale vyura walikuwa wakitueleza jambo la kweli kuhusu maporomoko yote. Yale manyunyu ambayo sisi hupiga nayo picha na kuyafuta usoni ni makazi ya wengine. Mto unapokatwa maji, picha hupoteza uzuri, na wengine hupoteza dunia yao yote.

Tuliposhuka, miguu ikiwa inatetemeka, tulikula kwa mama mmoja muuza chakula kando ya barabara. Wali wa Kilombero una harufu yake, na yeyote aliyeula papo hapo ulikolimwa anajua kwamba mchele wa madukani mjini haufikii. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, na tukaingia katika mazungumzo ya mlima. Yeye hakuanza na maporomoko, alianza na kuni. Hadi mwaka 2011 wanawake wa vijiji hivi waliruhusiwa kuingia hifadhini siku maalumu kuokota matawi makavu, kisha ruhusa hiyo ikasitishwa ili msitu upumzike.

"Mlima tunaupenda, mwanangu, maji yetu yanatoka huko," aliniambia akipakua maharage. "Lakini siku ile tulipokatazwa, chungu hakikuacha kutaka moto."

Siku hizi, alisema, hununua kuni au hutumia pumba za mpunga na matawi ya miti waliyoipanda wenyewe, na majiko yanayobana matumizi yamemsaidia, ingawa gharama imeongezeka. Nimelifikiria neno lake tangu hapo. Sababu za kusitisha ukusanyaji zilikuwa za kweli, kwa maana kuokota tawi kavu hugeuka kirahisi kuwa kukata tawi bichi, na watu wanaoizunguka hifadhi upande huu ni wengi na wanaongezeka. Hata hivyo, sisi wageni hulipa kiingilio mara moja na kurudi mjini, ilhali mama huyu hulipia msitu kila anapowasha moto. Naona ni wajibu wa msafiri kuhakikisha kwamba sehemu ya fedha zake za likizo inabaki katika vijiji vya chini ya mlima: alale huko, ale huko, anunue mchele na ndizi huko, na amlipe vizuri mwongozaji aliyezaliwa huko. Fedha inayoishia katika hoteli za Mikumi haimfikii mama wa Sanje.

Maji nayo hayaishii Sanje. Hunywesha vijiji, hulowesha mpunga, kisha huungana na mito ya bonde na kuingia katika mfumo wa Rufiji, ambao sasa unaendesha Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Mtu anayewasha feni Tanga au Mwanza anatumia, kwa sehemu, mvua iliyohifadhiwa na milima kama hii. Ningependa sana kuona jambo hilo limeandikwa katika ubao pale juu ya Sanje, kwa Kiswahili kizuri, ili watoto wa shule wanaoletwa kwa mabasi walisome wakiwa wameshika pumzi kwa urefu wa mahali pale.

Kwa anayetaka kwenda, yapo mambo machache ya kuzingatia. Kati ya Juni na Oktoba njia huwa kavu na salama zaidi, lakini maji huwa mengi na ya kutisha kwa uzuri baada ya masika, wakati ambapo mawe yanateleza na ruba huwa wengi, kwa hiyo uchaguzi huo unategemea nguvu za miguu na umri wa wale unaofuatana nao. Safari ya Sanje huchukua karibu nusu siku ikiwa hamtakimbizana, na sioni sababu ya kukimbizana. Mwenye wazazi wazee au watoto wadogo aanze na maporomoko ya Prince Bernhard, yaliyo karibu na makao makuu pale Mang'ula na kufikiwa kwa mwendo mfupi, au ya Sonjo, ambayo njia yake hupita kwenye miombo na haina mwinamo mkali. Viatu viwe vyenye soli ya kushika, na maji ya kunywa yatoshe, kwa kuwa joto la msitu wa chini humchosha mtu kabla hajatambua. Tembo nao hupanda miteremko hii, na tuliona kinyesi chao mahali ambapo sikuamini mnyama mzito kama huyo angeweza kusimama. Ndiyo sababu mgeni hapaswi kumtangulia mwongozaji hata njia ikionekana rahisi.

Sisi tumekwisha kupanga safari ijayo, na wanangu hao wameshaahidiwa kwamba watakwenda watakapokuwa wakubwa kidogo. Tunataka kupanda Mwanihana, njia ya kilomita 38 kwenda na kurudi ambayo humlazimu mtu kulala msituni, ikianzia kwenye miti ya bondeni na kupita ngazi zote za msitu hadi kwenye mianzi na nyasi za juu kabisa, mahali ambapo ukungu hushikwa kabla haujawa mto.